KASORO YA KIWANDANI KATIKA PIKIPIKI MPYA: NAMNA YA KUITAMBUA, KUIPIMA NA KUITHIBITISHA

Watu wengi huamini kuwa kitu kipya ni kizima, na kwamba ubovu huja na uzee. Imani hii ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Pikipiki iliyotoka dukani jana yaweza kuwa na kasoro iliyozaliwa nayo kiwandani, na mwenye kuinunua aghalabu ndiye anayeambiwa kuwa ameiharibu. Kwa mtu aliyeinunua kwa mkopo ili abebe abiria au mazao, jambo hili si dogo. Marejesho ya mkopo hayangoji pikipiki ipone, na muda wa dhamana huendelea kuhesabika hata chombo kikiwa kimelala uani.

Katika makala hii tutaeleza kasoro ya kiwandani ni nini, kwa nini hutokea hata katika viwanda vizuri, na jinsi mnunuzi anavyoweza kuithibitisha kwa njia ya kisayansi badala ya kubishana. Tutatumia mfano wa mfumo wa umeme, kwa kuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyekwisha kujifunza Kanuni ya Ohm anaweza kuufanyia hesabu, na vipimo vyake huhitaji mita ya umeme ya kawaida kama zile za maabara ya shule.

1. AINA NNE ZA KASORO

Si kila ubovu wa pikipiki mpya ni kosa la kiwanda. Hapana budi kutofautisha vyanzo vinne.

(a) Kasoro ya usanifu. Hapa kiwanda kimetengeneza kitu sawasawa na mchoro, ila mchoro wenyewe una dosari. Kwa hiyo pikipiki zote za aina hiyo huwa na udhaifu uleule. Mwaka 1972 kiwanda cha Norton cha Uingereza kilitoa injini iliyoitwa Combat, ya ukubwa wa sentimita za ujazo 750, iliyoongezewa nguvu na uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1. Beringi kuu za injini hiyo zikaanza kuharibika mapema mno. Katika mwendo wa kasi krankishafti ilikuwa ikipinda kidogo sana, na kingo za vijiti vya chuma vinavyoviringika ndani ya beringi zikawa zinachimba njia yake. Dawa haikuwa kuweka beringi mpya za aina ileile, bali beringi ambazo vijiti vyake vilikuwa vimepunguzwa kidogo sehemu za mwisho, mfano wa pipa, ili vistahimili mpindo huo.

(b) Kasoro ya utengenezaji. Hapa mchoro ni sahihi, lakini kipande kimoja au kundi la vipande halikutoka kama mchoro ulivyotaka. Huenda chuma kilichomiminwa kina vitundu vya hewa, au uzi wa bolti haukukatwa vizuri, au rangi imepakwa mahali palipotakiwa kubaki chuma kitupu.

(c) Kasoro ya kuunganisha. Pikipiki nyingi husafirishwa zikiwa ndani ya makreti, na baadhi ya sehemu, kama vile gurudumu la mbele, usukani na vioo, zikiwa zimefunguliwa. Sehemu hizo hufungwa dukani. Nati iliyosahauliwa kukazwa huko si kosa la kiwanda, ingawa mnunuzi hupata hasara ileile.

(d) Ubovu wa matumizi. Huu huletwa na mzigo kupita kiasi, mafuta yasiyofaa, ajali, au kuchelewesha matengenezo.

2. KWA NINI KITU KIPYA HUWA NA KASORO?

Hakuna mashine iwezayo kutoa vipande viwili vilivyo sawasawa kabisa. Ndiyo sababu kila mchoro wa kiwandani huonyesha kipimo pamoja na kiasi cha tofauti kinachoruhusiwa. Mhimili wa milimita 20, kwa mfano, waweza kukubaliwa ukipungua au kuzidi kwa sehemu chache za mia za milimita, na unaovuka mipaka hiyo hutakiwa kukataliwa. Lakini kiwanda hakiwezi kupima kila kitu kwa kila kipande. Aghalabu hupima sampuli, na kwa hiyo vichache vibovu huweza kupenya.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukulie kuwa pikipiki ina vipande 1,000, na kwamba uwezekano wa kipande chochote kuwa kibovu ni 1 katika 10,000. Kiwango hicho chaonekana kuwa kizuri mno. Hata hivyo, uwezekano wa vipande vyote 1,000 kuwa vizima ni 0.9999 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 1,000, nao ni kama 0.905. Maana yake ni kuwa katika kila pikipiki 1,000, kama 95 zitakuwa na kipande kibovu kimoja au zaidi. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si takwimu za kiwanda chochote. Lakini zinatufundisha kuwa chombo chenye sehemu nyingi kinahitaji uangalifu mkubwa sana katika kila sehemu ili kiwe kizima chote.

Wahandisi wakichora idadi ya maharibiko ya chombo dhidi ya umri wake, mara nyingi hupata mchoro wenye umbo la beseni. Ukingo wa kushoto uko juu, kwani kasoro za kuzaliwa hujitokeza katika siku za mwanzo. Kisha huja sehemu ya chini iliyo tambarare, ambayo ni miaka ya utulivu. Mwisho ukingo wa kulia hupanda kwa sababu ya uchakavu. Kwa hiyo, muda wa dhamana na huduma ya kwanza, ambayo vitabu vingi vya pikipiki huagiza ifanywe kati ya kilometa 500 na 1,000, haukuwekwa kwa kubahatisha. Umewekwa penye ukingo wa kushoto wa beseni. Mwenye kupuuza huduma hiyo hujinyima nafasi bora ya kugundua kasoro mapema.

3. MFANO: STATA INAYOZUNGUKA KWA UCHOVU

Tuchukue pikipiki mpya yenye betri ya volti 12. Honi inalia, na taa za ishara zinawaka vizuri. Lakini kila swichi ya stata inapobonyezwa, injini inazunguka kwa uchovu na taa zinafifia. Fundi anahukumu mara moja kuwa betri ni mbovu. Betri inabadilishwa, lakini tatizo linabaki. Mwenye pikipiki anaamua kuwasha kwa kiki, siku zinakwenda, na muda wa dhamana unakaribia kwisha.

Kasoro yenyewe ni hii. Waya unaotoka ncha hasi ya betri, ambao mafundi huuita waya wa ethi, hufungwa kwa bolti kwenye fremu. Mahali hapo palitakiwa pasiwe na rangi, lakini kiwandani pamepakwa. Bolti imekazwa juu ya rangi, na mkondo unapita kwa shida katika sehemu chache ambamo uzi wa bolti umegusa chuma.

Tuone hesabu yake. Betri iliyopumzika ina volti 12.6. Ukinzani wa ndani ya betri tuuchukulie kuwa omu 0.03, wa nyaya za pande zote mbili kwa jumla omu 0.01, na wa stata omu 0.16. (Kwa urahisi tunaichukulia stata kama kikinzani cha kawaida, ingawa kwa hakika mota inayozunguka hutoa volteji yake inayopinga mkondo.) Jumla ya ukinzani ni omu 0.20, na mkondo ni:

12.6 ÷ 0.20 = ampea 63.

Sasa tuongeze ukinzani wa omu 0.20 kwenye bolti iliyopakwa rangi. Jumla inakuwa omu 0.40, na mkondo unashuka kuwa:

12.6 ÷ 0.40 = ampea 31.5.

Mkondo umepungua kwa nusu. Lakini nguvu inayoifikia stata ni mkondo uliozidishwa kwa nafsi yake, kisha kwa ukinzani wa stata. Katika pikipiki nzima nguvu hiyo ni kama wati 635, na katika ile yenye kasoro ni kama wati 159. Stata inapata robo tu ya nguvu yake. Wakati huohuo wati 198 zinapotea kwenye bolti ile kama joto, na kwa hiyo bolti huweza kupata moto ikibonyezwa kwa muda.

Je, kwa nini honi na taa za ishara hazionyeshi tatizo? Kwa sababu mkondo wake ni mdogo. Vikitumia ampea 3 zinazorudi kupitia bolti hiyohiyo, volteji inayopotea ni 3 × 0.20 = volti 0.6 tu, na jicho au sikio halitambui upungufu huo. Kasoro hujificha penye mkondo mdogo na kujifichua penye mkondo mkubwa. Hata kufifia kwa taa wakati wa kubonyeza stata hakuthibitishi kuwa betri imechoka, kwani volti 6.3 zinapotea kwenye bolti na taa zinabakiwa na chache. Dalili ni moja, lakini sababu zaweza kuwa mbili. Hapo ndipo penye kosa la kuhukumu bila kupima.

Kuna madhara mengine ya polepole. Ikiwa mkondo wa kuchaji nao unarudi betrini kupitia bolti hiyo, betri hupata volteji pungufu kila siku. Baada ya majuma kadhaa betri itadhoofika kweli, na fundi atakayeipima wakati huo atasema, “Nilikwambia.” Kasoro ya kwanza imezaa ya pili, na ya pili inaifunika ya kwanza.

4. JINSI YA KUPIMA

Kwanza tuzungumzie usalama. Pikipiki isimamishwe mahali pa wazi juu ya stendi yake kubwa, gia ikiwa niutro, kwa kuwa injini inaweza kuwaka wakati wowote, na moshi wake ndani ya chumba ni sumu. Nguo na vidole viwe mbali na mnyororo. Stata isibonyezwe kwa zaidi ya sekunde chache kila mara. Mita iwekwe upande wa volti za mkondo mnyofu, kipimo cha 20. Ni mwiko kuiweka upande wa ampea na kujaribu kupima mkondo wa stata, kwani mita nyingi za shule haziwezi kustahimili zaidi ya ampea 10.

Vipimo ni vitano:

(i) Betri ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, ncha kwa ncha.
(ii) Betri hiyohiyo, ncha kwa ncha, wakati stata imebonyezwa.
(iii) Upande wa chanya: kutoka ncha chanya ya betri hadi skrubu ya waya mnene kwenye stata, wakati stata imebonyezwa.
(iv) Upande wa hasi: kutoka chuma kitupu cha mwili wa stata hadi ncha hasi ya betri yenyewe, wakati stata imebonyezwa.
(v) Stata yenyewe: kutoka skrubu yake hadi mwili wake, wakati imebonyezwa.

Kwa mujibu wa hesabu zetu, tukiugawa ukinzani wa nyaya sawasawa kwa pande mbili, majibu yatakuwa haya:

Kipimo (i): nzima volti 12.6, yenye kasoro volti 12.6.
Kipimo (ii): nzima volti 10.7, yenye kasoro volti 11.7.
Kipimo (iii): nzima volti 0.3, yenye kasoro volti 0.2.
Kipimo (iv): nzima volti 0.3, yenye kasoro volti 6.5.
Kipimo (v): nzima volti 10.1, yenye kasoro volti 5.0.

Msomaji aangalie mambo mawili. Kwanza, katika kila pikipiki jumla ya kipimo cha (iii), (iv) na (v) ni sawa na kipimo cha (ii). Volti hazipotei ovyo. Kila moja ina mahali pake, na jumla isipotimia, basi kuna kipimo kilichokosewa. Pili, betri ya pikipiki yenye kasoro inaonyesha volteji kubwa zaidi stata inapobonyezwa kuliko ile ya pikipiki nzima, kwa sababu haidaiwi mkondo mwingi. Betri iliyochoka ingeshuka sana, pengine chini ya volti 9. Kwa kipimo hiki kimoja betri inaondolewa lawama, na kipimo cha (iv) kinatuonyesha mahali pa kutazama.

5. NANI ALIYEKOSA?

Kujua mahali pa kasoro si sawa na kujua chanzo chake. Hapa yatupasa kufanya kama mwanasayansi afanyavyo katika jaribio, yaani kuweka kitu cha kulinganisha. Mnunuzi atafute pikipiki nyingine ya aina na mwaka uleule, na kuipima kwa mita ileile na kwa utaratibu uleule. Ikiwa nyingine zote zina volti 0.3 upande wa hasi, basi kasoro ni ya pikipiki hii pekee. Ikiwa kadhaa zilizonunuliwa wakati mmoja zina tatizo, huenda ni kundi zima lililotoka kiwandani siku moja. Ikiwa kila pikipiki ya aina hiyo inalo, twapaswa kuushuku usanifu.

Kisha mahali penyewe patazamwe mbele ya muuzaji. Bolti ikifunguliwa na chini ya washa ikaonekana rangi laini isiyokwaruzwa, ni ushahidi kuwa chuma hakikupata kuwa wazi tangu fremu ilipopakwa rangi. Ikionekana kutu na tope, twaweza kufikiri kuwa maji yameingia katika matumizi. Ikionekana kuwa bolti ilikuwa imelegea na chuma chake ni kisafi, huenda haikukazwa wakati wa kuunganisha.

Hapa kuna kishawishi kikubwa. Kazi ya kukwangua rangi kwa msasa na kukaza bolti ni ya dakika chache, na mwenye pikipiki anataka kurudi kazini. Akifanya hivyo peke yake, tatizo litakwisha, lakini ushahidi nao utakwisha. Betri iliyodhoofika kwa sababu ya kasoro ile hatalipwa, na muuzaji aweza kusema kuwa pikipiki imefunguliwa na mtu asiyehusika, akaikana dhamana. Tena, mwenzake aliyenunua pikipiki ya kundi lilelile hatajua kitu. Kwa hiyo utaratibu ulio bora ni huu: pima, andika, onyesha, ndipo utengeneze.

6. KUMBUKUMBU NA HAKI YA MNUNUZI

Daftari la shule latosha. Siku ya kununua, mnunuzi aandike tarehe, namba ya fremu, namba ya injini na usomaji wa mita ya kilometa, na ahifadhi risiti na kitabu cha dhamana. Kila dalili iandikwe siku ilipotokea: injini ilikuwa ya baridi au ya moto, mvua ilinyesha au la, kilometa ngapi zimekwisha kwenda. Badala ya kuandika “haiwaki vizuri”, aandike “volti 6.5 upande wa hasi”. Muuzaji huweza kubishana na malalamiko kwa siku nzima, lakini ni vigumu kubishana na namba ambayo yeye mwenyewe ameisoma kwenye mita.

Malalamiko yapelekwe kwa maandishi, na nakala yenye sahihi na tarehe ya kupokelewa ibaki kwa mnunuzi. Kila pikipiki inapoachwa kwa matengenezo, iombwe karatasi inayoeleza tatizo lililoletwa na kazi iliyofanywa. Karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha kuwa kasoro iliripotiwa ndani ya muda wa dhamana, hata ikiwa itarudi baadaye.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, imetokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Chini ya sheria hiyo, bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo hutakiwa kuwa ya ubora unaostahili kuuzwa, hata kama sharti hilo halikuandikwa. Lakini mnunuzi anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kumwarifu muuzaji kuwa anaikataa huweza kuhesabiwa kuwa ameikubali, na haki yake ya kuirudisha hupotea, ingawa aweza bado kudai fidia. Kuchelewa, basi, ni hasara. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, nayo ina sehemu zinazomlinda mlaji na zinazohusu usalama wa bidhaa, na Tume ya Ushindani huisimamia. Mambo ya viwango vya ubora yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Lazima tusisitize jambo moja. Kasoro ya stata ni usumbufu, lakini ziko kasoro ambazo hazingoji daftari wala barua. Breki isiyoshika, usukani unaokwama au kucheza, gurudumu linaloyumba, ufa katika fremu, na petroli inayovuja ni hatari kwa maisha ya dereva, abiria na wapita njia. Pikipiki yenye dalili yoyote kati ya hizo isiendeshwe hata hadi dukani. Ibebwe, au fundi wa muuzaji aitwe alipo.

7. HITIMISHO

Kasoro ya kiwandani si laana wala bahati mbaya isiyo na maelezo. Ina chanzo, ina mahali pake, na mara nyingi ina namba. Anayejua kuipata namba hiyo hamwogopi muuzaji wala hamtukani, kwani wote wawili wanatazama mita moja. Aidha, ripoti moja iliyoandikwa vizuri humfaa hata mtu asiyejulikana na mwandishi wake, kwa maana kiwanda kikijua kuwa rangi inapakwa mahali pasipotakiwa kinaweza kusahihisha kazi yake, na muuzaji anaweza kuzikagua pikipiki zilizobaki ghalani kabla hazijamfikia mnunuzi mwingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kabla ya kubonyeza stata, kipimo cha (iii) huonyesha karibu volti 12.6 hata katika pikipiki nzima. Eleza kwa nini, na kwa nini usomaji huo hauna maana ya kasoro.

2. Ukinzani kwenye bolti ukiwa omu 0.05 badala ya 0.20, tafuta mkondo, volteji inayopotea kwenye bolti, na nguvu inayofika kwenye stata. Je, dereva angetambua kasoro hiyo?

3. Chora mchoro wa sakiti ya stata ukionyesha betri, ukinzani wake wa ndani, nyaya, bolti ya ethi na stata. Onyesha mahali pa kuwekea ncha mbili za mita kwa kila kipimo.

4. Ikiwa uwezekano wa kila kipande kuwa kibovu ni 1 katika 100,000, ni pikipiki ngapi katika 1,000 zitakuwa na kipande kibovu? Linganisha na jibu lililomo katika makala.

5. Pikipiki mbili za aina moja zina moshi wa buluu baada ya kilometa 300. Pendekeza vipimo na ulinganisho utakaosaidia kujua kama chanzo ni usanifu, utengenezaji, uunganishaji au matumizi.